Tumbo la Redempta Lilivyosafiri Bure

Shemeji yangu Theodora analima alizeti hapa Mungaa, na ubishi wake naujua mimi. Miaka mitatu iliyopita alitolewa titi la kushoto kwa ajili ya kansa. Wakamwekea la silikoni, halafu wakampiga mionzi. Kansa ikaondoka, tukashukuru. Ila kuizunguka ile silikoni pakavimba, pakawa pekundu, kifua kikakaza kama ngozi ya ngoma. Mkono haufiki kichwani. Hata kilemba akawa anafungwa na dada yake Redempta, ambaye ndiye mke wangu.

"Wakitaka kuitoa sirudi kwao," akasema. "Nimeshakatwa mara moja, inatosha."

Hospitali ya Dar iliyomtibu ikapiga simu. Kuna utafiti: wanachukua mafuta ya mwilini, wanachuja humo seli shina, yaani seli changa za kutengeneza nyama mpya, wanazichoma kwa sindano penye uvimbe. Hawaahidi kitu. Ikishindikana, silikoni inatoka.

Sasa sisi huku hospitali ikitaka damu, tunapeleka ndugu. Iliposemwa mafuta, kikao cha ukoo hakikumaliza dakika tano. Macho yote kwa Redempta. Nakiri, aliyemtaja ni mimi, na wiki nzima nilikula ugali mkavu.

Tukapanda basi watatu. Daktari, binti mdogo tu, akatuamkia shikamoo. Redempta akalegeza kitenge, akajipiga tumbo.

"Marahaba. Chota mwanangu, usione haya. Huyu mwenzangu mkavu."

Binti akajikaza asicheke. "Asante mama, ila lazima yatoke kwake mwenyewe."

"Kwa hiyo tumbo langu limesafiri bure?"

Theodora alicheka mpaka akashika kifua kwa maumivu. Alipopimwa, kicheko kikaisha: mafuta hayatoshi. Anenepe, arudi baada ya miezi mitatu.

Redempta akamhamishia kwetu. Karanga, maziwa ya mgando, uji wa uwele.

"Dada, nimeshiba."

"Hujashiba, umechoka kutafuna tu. Kula!"

Majirani nao walileta. Hata mama Hana, aliyenuniana na Theodora tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba, alikuja na jogoo, akamfunga mlangoni, akaondoka bila salamu. Mungu amweke yule mama, na mdomo wake.

Theodora alirudi Dar ameongeza kilo saba. Wakachukua mafuta, wakachoma. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, wekundu ukapungua. Wa nne, daktari akasema silikoni inabaki, waendelee kuiangalia.

Jumapili iliyopita, tunajiandaa kwenda kanisani, Redempta akachukua kitambaa amfunge kama kawaida. Theodora akamnyang'anya. Akainua mikono, yote miwili, taratibu, akajifunga mwenyewe. Kilikaa upande, nikamwambia amefunga kama mzigo wa kuni.

"Shemeji, wewe nyamaza," akasema. "Dada, kaa chini. Leo nakufunga mimi."

Mke wangu huyo, anayeongea kuliko redio, akakaa, akainamisha kichwa afungwe.