Mazoezi ya Kuongea na Bibi

Enzi zetu Hillbrow, huku kusini mwa Afrika, simu ilikaa ndani ya kontena. Nasema na nyinyi mliokulia kwenye yale maghorofa, mnaolikumbuka kontena la bluu pale kona na foleni yake ya Jumapili, Wakongo, Warundi, Wazimbabwe na wenyeji wote wamebanana. Serikali ilikuwa imeziamuru kampuni za simu ziweke simu za bei nafuu kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini, na kwa kweli amri ile ilitufikia. Waziri aliyeisaini hakutujua hata kwa majina, lakini sisi wakimbizi wa ghorofa ya saba tulimwombea dua.

Mlangoni palikaangwa magwinya, maandazi ya huku, kwa hiyo mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya moto nahisi kama simu inaita. Mwenye kontena alikuwa mama mmoja Mzulu, Ma Lindiwe, ambaye katika Kiswahili chote alichosikia miaka ile alichukua neno moja tu. "Haraka, sisi, haraka!" alisema, maana kwa Kizulu "sisi" ni dada, huku akigonga meza kwa funguo zake. Hata Wazimbabwe wasiojua Kiswahili waliharakishwa kwa Kiswahili.

Mama hakukubali twende kwenye simu hivi hivi. Kila Jumapili asubuhi alitusimamisha jikoni, mimi na mdogo wangu Yusufu, akachukua mwiko wa ugali, akauweka sikioni na kujifanya Bibi. Simu ya Bujumbura ilikula yuniti vibaya sana, kwa hiyo kila mtoto alipewa sentensi tatu na hakuruhusiwa ya nne. Ya kwanza, "Shikamoo Bibi." Ya pili, "Sisi wazima, tunasoma kwa bidii." Hapo Bibi angesema na yeye mzima, nasi tungemalizia na ya tatu, "Alhamdulillahi Bibi, tumefurahi sana kusikia hivyo." Ukiteleza ukasema "eish", ule mguno wa huku, unaanza upya. Ukichanganya na Kizulu, mwiko unahama kutoka sikioni kwa Mama unakuja kichwani kwako.

Leo mtacheka, lakini Mama alikuwa na sababu. Siku tulipoondoka Buyenzi, mtaa wetu kule Bujumbura, nikiwa na miaka mitano, Bibi alimwambia, "Nikisikia Kiswahili kimewatoka hawa watoto, huyo mkubwa utanirudishia nimlee mwenyewe." Mkubwa nilikuwa mimi. Nilimpenda Bibi, ila wazo la kulala mbali na Mama lilinitia baridi. Basi kila Jumapili kwangu ilikuwa mtihani, na kila Jumapili nilifaulu.

Mpaka ile moja, nina miaka tisa. Nikashika mkono wa simu, nikatoa shikamoo yangu, nikasema sisi wazima. Bibi, aliyekuwa amesimama kwenye duka la jirani yake mwenye simu, akajibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi mgonjwa. Wiki nzima mgongo umenilaza kitandani."

Nami, kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti safi kabisa, "Alhamdulillahi Bibi, tumefurahi sana kusikia hivyo!"

Mama alininyang'anya simu. Akasema "Mama, samahani, huyu mtoto...", na hapo hapo yuniti zikaisha. Nyuma yetu foleni ilifika barabarani. "Sharp, Mama Zaina, mpaka Jumapili," alituaga Ma Lindiwe, kwa Kiingereza cha mtaani na huruma kidogo, akaita mwingine.

Mama hakunipiga. Wiki ile hatukujua Bibi anaendeleaje wala amekasirika kiasi gani. Mimi nilishajihukumu, nikapanga mkoba wangu wa safari: sweta la shule na nusu pakiti ya biskuti.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na mazoezi. Mama alibonyeza namba. Bibi alipopokea hakungoja salamu. "Kwanza nipe yule aliyefurahi mimi kuumwa."

Nililia. Nikaomba radhi katikati ya makamasi. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Nimecheka wiki nzima, mgongo wenyewe umepona. Mwambie mama yako aache kukukaririsha. Haya, niambie, shuleni unacheza na nani?" Nikamwambia yote, na eish zangu ndani, na Kizulu changu ndani, mpaka funguo zikagongwa mezani. Habari ya kurudishwa Buyenzi hakuitaja tena.

Bibi alifariki kabla sijamwona tena. Sura yake naijua kwa picha moja iliyofifia. Lakini sauti yake, na kile kicheko kilichoishia kwenye kikohozi, hata leo akiniita katikati ya soko nitageuka.

Sasa naishi Rosettenville, jiji hili hili. Mtaa wetu umechimbwa, wamepitisha waya za intaneti, na redioni waziri anaahidi kila nyumba itaunganishwa. Maktaba ina waifai ya bure ya serikali. Mimi napiga makofi, sitamani kurudi kwenye foleni. Ila watoto wetu, jamani! Mtandao ukikwama dakika moja wanalia utadhani kuna msiba. Mama alirudi Buyenzi kupumzika uzeeni, na wajukuu wanamwona kwenye simu kila siku. Wanasema "Hi Bibi", wanaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, wanaondoka. Mama anaijua dari yangu kuliko fundi aliyeijenga.

Mwezi uliopita picha ilikataa, ikaja sauti tupu. Nikampa simu mwanangu Karim, mwenye miaka tisa. Akasikiliza, akakunja uso, akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu ni nani?"

"Bibi yako," nikamwambia.

Mama alisikia. Akasema, "Mwambie ni yule wa kwenye kioo." Akacheka, nami nikacheka naye, lakini iliniuma. Mimi nilinyimwa sura nikapewa mtu kamili; mwanangu anaiona sura kila siku na mtu mwenyewe hamjui.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili dakika kumi za kwanza nazima picha. Karim analalamika kwamba namrudisha zama za mawe. Wiki ya kwanza alitoa maneno matatu. Jumapili hii alikuwa na habari ya mpira, akaanza kumsimulia bibi yake kwa Kiswahili kinachochechemea, nusu yake Kizulu. "Bibi, mimi naongea vibaya," akasema. "Ongea hivyo hivyo," nikamsikia Mama. "Halafu golikipa akafanyaje?"

Dakika kumi zilipoisha nikanyoosha mkono niwashe picha. Karim akanigeuzia mgongo na simu sikioni, akaingia chumbani, akafunga mlango.