Kitanda Kimoja, Madirisha Mawili

Nyinyi wote kimya kwenye grupu la familia, kama vile nimeshazikwa. Haya, someni.

Leo nimempeleka mzee wangu, baba yenu, hospitali. Hawezi kupumua vizuri.

Binti wa dirisha la mapokezi akatazama kompyuta, akasema, "Jaja, bibi yangu, kimebaki kitanda kimoja. Nimemwandikia mzee."

Nikamshukuru Mungu.

Tukafika wodini. Kitandani kalala mama mwingine, dripu tayari mkononi.

Nikarudi dirishani. Binti akaweka mikono kichwani.

"Jaja, mwenzangu wa dirisha la pili alifungua orodha ya vitanda wakati uleule. Sote tuliona kitanda kiko wazi. Yeye akabonyeza mwisho, jina la mgonjwa wake likafuta jina la mzee."

Sikusoma sana, mnajua. Lakini kule nyumbani Bukoto choo chetu sisi wapangaji kina ufunguo mmoja. Ukiuchukua, mwingine anangoja mpaka uurudishe.

"Mwanangu, kitanda cha mgonjwa hakina ufunguo?"

"Hakina, Jaja. Pole."

Na yule mama anaumwa kweli. Nimtoe vipi?

Nimechoka, wanangu. Sijui kama mzee ataiona asubuhi.

Mkija, leteni blanketi. Msimtafute vitandani. Angalieni chini, kwenye korido.