Maji Niliyomnyima Mama

Mama alikuja kukaa kwangu Kasokola baada ya baba kufariki. Tulimtoa Sibwesa na godoro lake, jembe lake na sufuria mbili, na kabla wiki haijaisha nilishajua kwamba godoro lile haliwezi kukaa chumba kimoja na wanangu. Lilinuka mkojo. Si mkojo wa jana na juzi. Ulikuwa wa miaka, umeingia mpaka ndani kwenye pamba, ukilianika juani ndiyo kwanza harufu inaamka.

Sikumuuliza kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinihurumia hudhani sikujua la kufanya. La kuuliza nilikuwa nalo. Niliona aibu, na aibu yangu niliipenda kuliko mama yangu.

Badala ya kuuliza, nikaanza kumpunguzia maji.

Nilijiona nina akili. Kisichoingia hakitoki. Kikombe kimoja cha chai asubuhi, kikombe kimoja cha maji mchana baada ya ugali, basi. Ndoo ya maji ya kunywa nikaihamishia chumbani kwangu. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, joto linashuka kutoka kwenye bati na kupanda kutoka ardhini, hata mbuzi wanahema. Mama alikuwa anakaa kwenye kivuli nyuma ya jiko, juu ya gunia nililomtandikia, analamba midomo.

Siku moja alimwomba binti yangu mdogo maji. Mtoto akaja kuniuliza. Nikajibu kwa sauti, ili mama naye asikie, "Mwambie bibi ameshakunywa."

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua. Baadaye akasema kwa Kirundi, lugha ya kwao alikozaliwa, pole pole, bila kuniangalia, "Nimezaa tisa. Wa sita alikuwa mkubwa, nilihangaika naye siku mbili. Tangu huyo, mwili wangu haukunirudia." Nikadhani ni maneno ya uzee. Nikaondoka kwenda kufua.

Wakwe walipokuja kumposa binti yangu mkubwa, nilimpeleka mama kwa jirani, mke wa Msukuma mmoja anayefuga ng'ombe. Nilisema nyumba itajaa, hatakuwa na pa kukaa. Nilipomfuata wageni walipoondoka, nilimkuta amevaa kitenge cha yule jirani. Chake kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa.

"Mama amekunywa maziwa vikombe vitatu na maji juu," jirani aliniambia. "Alikuwa na kiu sana. Nyie kwenu kisima kimekauka?"

Nikacheka cheko la mtu aliyebanwa. Njia nzima nilitembea mbele yake. Nilimkasirikia kwamba ameniaibisha, kama vile kiu ni kitu ambacho angepaswa kunifichia.

Alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa nyingi. Homa ilimkamata, akawa anatetemeka, anachanganya majina ya watoto wake. Hospitali walisema maambukizi yalianzia kwenye njia ya mkojo yakapanda kwenye figo. Daktari, kijana mpole, aliuliza swali moja tu ambalo nalikumbuka.

"Bibi alikuwa anakunywa maji ya kutosha nyumbani?"

Nikamjibu, "Anakunywa."

Mimi nimezaa saba. Mimba zote nilibeba kuni na maji mpaka wiki ya mwisho, na kila nilipojifungua, siku kumi hazijaisha, nilikuwa nimesharudi kwenye ndoo. Hakuna aliyenilazimisha zaidi ya wengine. Ndivyo tunavyoishi wote huku. Miaka miwili baada ya kumzika mama, siku moja ya mavuno, niliinua gunia la mahindi kulipandisha kwenye baiskeli, nikasikia unyevu wa moto kwenye mapaja. Nikajiambia ni jasho. Jasho halitoki pale.

Kisha ikawa nikikohoa. Ikawa nikicheka, nikipiga chafya pilipili ikikaangwa. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, mstari wa mbele, na sare yetu ilikuwa sketi nyeupe. Jumapili moja nilikuwa na mafua. Tukafika kwenye wimbo wenye kuruka na kupiga makofi, nikaruka. Mwenzangu wa kulia aliangalia chini, halafu akaangalia mbele haraka. Angecheka ningemchukia kidogo. Alivyonyamaza ndiyo alinimaliza. Nilimwambia kiongozi wa kwaya kwamba kifua kinanisumbua, nikaacha kuimba.

Mume wangu alisema, "Naona unazeeka vibaya." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeangalia ukuta ulioanza kupasuka, akahamisha mkeka wake.

Na mimi nilifanya nini? Nilipunguza maji. Kikombe asubuhi, kikombe mchana. Nikawa naumwa kichwa, mkojo unachoma, na bado unatoka, tena sasa unakuja kwa haraka kabla sijafika chooni. Hapo ndipo nilipoijua kiu aliyokuwa nayo mama. Niliijua mdomoni, kwenye ulimi uliokauka kama kipande cha ngozi.

Nilikwenda kituo cha afya mjini kwa ajili ya kikohozi. La mkojo sikulitaja. Nesi, mama wa makamo kama mimi, alinisikiliza kifua, akaniona ninavyobana miguu kila nikikohoa. Akaamka, akafunga mlango.

"Dada, ukikohoa mkojo unatoka?"

Nilianza kulia kabla sijajibu.

Aliniacha nilie, kisha akaniuliza mengi. Nimezaa wangapi, mtoto mkubwa kuliko wote alikuwa na kilo ngapi, nabeba nini kichwani, choo kinakuwa kigumu, kisukari kipo kwenye ukoo. Alinipima mkojo na sukari, akanichunguza.

"Huna fistula," alisema. "Fistula ni tundu, mkojo unatoka muda wote, na huyo tunampeleka kwa upasuaji. Wewe misuli ya chini imelegea. Uzazi mwingi, mizigo mizito, kikohozi cha muda mrefu, unene, umri, vyote vinailegeza. Wanawake wengi sana wanayo. Wanaopita mlango huu kwa siku ningekuhesabia, ungeshangaa. Ila wanakuja kusema kichwa, kifua, mgongo."

Akanifundisha kubana, kama mtu anayezuia upepo mbele za watu: bana, hesabu mpaka tano, achia, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuacha. Kikohozi akakitibu.

"Na usipunguze maji," akasema. "Wengi wanakosea hapo. Ukinywa kidogo, mkojo unakuwa mkali, kibofu kinakasirika, na ugonjwa unapata njia. Kwa mtu mzima unaweza kumuua."

Nilimuuliza, "Mtu mzima kama miaka sabini?"

"Huyo ndiyo zaidi."

Nilivaa nguo zangu nikatoka. Nilitembea mpaka stendi sikumbuki nilipita wapi.

Kubana kulinisaidia. Mwezi wa pili nilipiga chafya nikabaki mkavu, nikakaa kwenye kiti cha jikoni kwa muda mrefu bila furaha yoyote. Kitu chepesi kama hicho. Hakina dawa ya kununua, hakina sindano, mtu anaweza kufanya akichambua maharage.

Nikaona nisikae nacho. Kwenye kikundi cha akina mama kanisani nilisimama nikasema yote: mkojo, sketi, nesi, namna ya kubana. Mwenyekiti alisema asante kwa ushuhuda, tukaendelea na ratiba ya usafi. Nilirudi nyumbani nimejutia mdomo wangu. Lakini wiki ile walianza kuja mmoja mmoja. Mmoja alikuja kuomba chumvi. Mwingine kuuliza mbegu za karanga. Kila mmoja alizunguka kwanza, kisha akashusha sauti: "Ile ya juzi, unabana vipi?" Mwenzangu wa kulia kwenye kwaya alikuja wa nne. Ana miaka kumi na moja nayo. Mwanamke mmoja alishafukuzwa na mume kwa ajili hiyo na alikuwa anadhani amerogwa. Niliwafundisha wote. Nilikuwa na hasira nao wote, na mimi mwenyewe nikiwemo. Kundi zima la wanawake tunaloana kwa siri, tunanyoosheana vidole, na mabinti zetu tunawaambia kuzaa ni baraka.

Dada yangu anayekaa Kabungu alisikia habari hizo kwa watu, akanipigia simu. Naye anayo, toka mtoto wake wa tatu. Nikamwelekeza. Kisha akauliza, "Mama naye ilikuwa hiyo?"

"Ilikuwa hiyo."

"Na wewe uliyekaa naye ulimsaidiaje?"

Ningeweza kumdanganya kama nilivyomdanganya daktari. Nilimwambia habari ya ndoo niliyoificha chumbani. Nilimwambia na la mtoto aliyetumwa kuomba maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Alikaa miezi mitano bila kunitafuta. Pasaka alikuja na wanawe, akaleta mchele na kuku. Tulipika pamoja, tukala, akaniambia zoezi linamsaidia. La mama hakuligusa, na mimi sikuligusa. Aliponiaga alinipa mkono, kama tunavyowapa watu wa kanisani, akapanda bodaboda na watoto wake wakaondoka.