Injini ya Gari kwenye Pua ya Ndege

Nilijificha kwenye mkia wa ndege. Najua ni ujinga, lakini baba mdogo aliniahidi mimi ndiye nitakayepanda naye kwanza, kisha asubuhi ile akampa nafasi yangu mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Hasira ile ninayo bado, na juzi ilichemka upya nilipoikuta injini ya ndege ile kijiji cha Kitendaguro, inasaga mahindi.

Ndege hiyo baba mdogo aliiunda mwenyewe kwa mbao na turubai, nyuma ya nyumba yetu Kamachumu. Injini ya pikipiki ilishindwa hata kuisogeza. Fundi mmoja wa injini alimshauri achukue ya pampu ya maji, nyepesi. Yeye akachagua ya gari bovu, eti inanguruma kiume.

Alipomaliza kuifunga puani, aliining'iniza ndege kwa kamba kwenye boriti ya banda la kahawa, aone kama uzito umekaa sawa. Mimi nimo ndani, kule mkiani, nanusa gundi na petroli, nikidhani tunakaribia kuruka. Ndege ikatulia. Sikujua ni kilo zangu zilizokuwa zinaisawazisha injini yake.

"Si nilisema?" akajisifu. "Yule naye ni fundi?"

Joto liliponishinda nikatoka. Pua ikashuka, panga boi la mbele likapiga sakafu na kupasuka. Baba mdogo alikuwa ameshanikamata sikio, fimbo juu, mama alipotokea. Aliitazama ndege, akanitazama mimi, akamgeukia yeye, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu shemeji, hapa chini tu hukujua mwanangu yumo. Huko juu ungejua nini?"