Hakukubali Kumwita Nyati Ng'ombe

Wasomaji wangu, Jumamosi tulimzika mtu Kagarama. Aliyetutoka ni profesa wa chuo kikuu, mama aliyetumia maisha yake kusoma mifupa ya wanyama inayofukuliwa kwenye makazi ya kale, ili tujue wazee wetu walifuga nini na waliwinda nini. Jirani zake walidhani ana mbwa wengi, maana kila wiki alirudi kutoka buchani Muhima na kichwa cha mbuzi au miguu ya ng'ombe. Hakuwa na mbwa hata mmoja. Aliichemsha uani, akaianika, kisha akaandika kwa wino juu ya kila mfupa: mnyama gani, dume au jike, umri gani. Mfupa wa kale aliulinganisha na hiyo. Muuza nyama wake aliniambia makaburini: "Wateja wengine wanauliza kama nyama iko laini. Huyu mama alikuwa anauliza ng'ombe iko na miaka ngapi. Nikidanganya, anaangalia meno, ananicheka!"

Mimi pia nilinaswa hivyo hivyo. Wachimbuaji walipata mfupa wa mguu mahali pa kale sana, na kiongozi wao akaninong'oneza kuwa ni wa ng'ombe, yaani wazee wetu walifuga tangu zamani hizo. Nani kati yetu hampendi ng'ombe? Nikakimbilia kuandika hapa hapa kwenye safu hii, mkanipongeza, nami kichwa kikavimba. Siku ya tatu profesa akaniita maabara, akaulaza mfupa ule kati ya miwili yenye wino, mmoja wa ng'ombe, mwingine wa nyati. "Angaria mwenyewe. Hii haiko inka, iko imbogo." Kweli, haukuwa wa ng'ombe; ulifanana na wa nyati. Nikambembeleza: "Profeseri, si uandike pengine inka? Watu walishafurahi." Nilijua pia kwamba kiongozi yule alikuwa amemwambia akubali kuwa ni ng'ombe au aondoke kwenye timu ya wachimbuaji, ambayo alingoja miaka mingi kuingia. "Wafurahi, iko sawa," akajibu. "Lakini mufupa haijui furaha yetu." Akaandika nyati. Wakamtoa.

Nami nikaandika masahihisho, mistari mitatu tu, huku nikiona aibu. Sijaandika kitu bora kuliko hicho tangu nianze safu hii, na bila yeye nisingethubutu. Nilimwonea uchungu siku ile. Leo najivunia, tena sana, kwamba nilimjua. Nchi iliyozaa mtu wa kupoteza nafasi yake kwa ajili ya mfupa mmoja wa nyati haihitaji kuongezewa ng'ombe wa uongo.