Mume wa Kupangia Chumba

Kila ninaposimulia habari ya chumba cha Chang'ombe, lazima atokee mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanaume, wa kuniuliza: sasa na wewe ulikubali ya nini? Ananiuliza huku anatafuna, amekaa kwake, kwenye kiti chake. Basi leo nieleze nilikubali ya nini. Nieleze mara moja, halafu asiniulize mtu tena.

Nilikuja Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hesabu wa sekondari huko kwetu Njombe, na ruhusa ya kazini niliipata kwa mbinde. Hosteli zilikuwa za wale wa shahada ya kwanza. Sie wa uzamili tuliambiwa ni watu wazima, tujitafutie. Wiki tatu za mwanzo nilibebwa kwenye hosteli ya Mabibo, na kubebwa maana yake ni kulala kitanda kimoja na mtu ambaye ndiye mwenye haki ya kile kitanda, unaingia kwa kujificha, unatoka kwa kujificha, na begi lako liko uvunguni. Aliyenibeba nilimfundisha mie mwenyewe kidato cha nne. Mwalimu mzima najibana ukutani ili mwanafunzi wangu apate pa kulaza mgongo. Hakunilalamikia hata siku moja, ila nilisikia alivyokuwa akihema kila alipojigeuza, nikajua lazima nitoke.

Nikaanza kutafuta. Kutafuta chumba Dar ni kutembea juani nyuma ya dalali, na dalali hageuki nyuma. Wangu alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, maneno laini, ananiita sista. Tulizunguka Keko, tukazunguka Temeke, tukarudi Chang'ombe. Vyumba vilikuwepo. Hilo nataka lieleweke vizuri. Vilikuwepo, vizuri tu, vya dirisha kubwa na bomba uani, na kodi niliyokuwa nayo iliwatosha. Lakini kila mlango uliniuliza swali lile lile: mumeo yuko wapi? Nikisema sina, uso unabadilika pale pale. Bachela hatuchukui. Nikitoa kitambulisho cha chuo wananirudishia bila kukisoma. Mama mmoja wa Temeke aliniambia kwa upole kabisa, mwanangu, tatizo sio wewe, ni hao watakaokuwa wanakufuata. Yaani wanaume ambao hata sijawajua bado, kosa tayari ni langu.

Siku ya nne dalali akaniambia, "Sista, hapa tunapokwenda ukae kimya. Niachie mie."

Nilidhani anazungumzia kupatana bei. Nikakaa kimya.

Tuliingia kwenye nyumba ya vyumba sita vilivyozunguka ua, geti la chuma, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Mwenye nyumba alikuwa mama wa kipwani, mzaliwa wa hapo hapo mjini, mtu mzima, kajitanda khanga, kakaa mkekani anachambua mchele. Dalali alikuwa hamjui na yeye alikuwa hamjui dalali; habari za chumba aliuziwa na dalali mwenzake. Nikampa mama shikamoo yake, akaniitikia marahaba vizuri, kisha akamgeukia dalali, sio mie, akamuuliza, "Na huyu ni nani wako?"

"Mke wangu, mama," alijibu bila kupepesa macho. "Mie kazi zangu za kusafirisafiri, yeye anasoma. Nataka akae mahali pa heshima."

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, labda ya pumzi tatu. Nikalitazama lile geti na komeo lake. Nikawatazama wanawake wawili waliokuwa wanafua pale uani, wanacheka, hawana wasiwasi na mtu. Nikatazama choo, kiko ndani ya ukuta. Kama hujawahi kupanga ukiwa mwanamke peke yako huwezi kujua choo cha ndani ya ukuta ni kitu gani. Nikainamisha kichwa, nikatabasamu vile wanavyotabasamu wake za watu. Hilo ndilo kosa langu, nimelisema mwenyewe, na nililifanya kwa sababu nilikuwa nimechoka kukataliwa.

Kodi ya miezi sita ilitoka kwenye akiba yangu, lakini ilipita mkononi mwake, kwa kuwa mama aliona si adabu kuipokea kwangu na mume kakaa pale. Na funguo nazo zikaenda huko huko. Zilikuwa mbili. Akanipa mmoja. Tulipofika nje ya geti nikamwomba ule wa pili.

"Ngoja kwanza mama atuzoee," akasema. "Mume gani hana ufunguo wa kwake?"

Akacheka. Na mie nikacheka, kwa uchovu tu, na kwa furaha ya kupata chumba. Kicheko kile najilaumu nacho kuliko hata lile tabasamu.

Wiki tatu nilikaa raha mustarehe. Nilinunua kitanda na meza kwa mafundi wa Keko, nikabandika ratiba yangu ukutani, nikaanza kuandika pendekezo la utafiti, maana hilo ndilo lililokuwa linanisubiri: nikishindwa kuliwasilisha muhula ule, ruhusa yangu ya kazi inakwisha nikiwa njiani, narudi Njombe mikono mitupu. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa dada mmoja anayekaanga maandazi ya kuuza barazani. Akawa ananiwekea mawili kila asubuhi. Nililala usingizi wa kweli mara ya kwanza tangu nifike mjini.

Halafu akaja. Mchana wa saa nane, nimerudi maktaba, nakuta mlango wangu umeegeshwa. Nje kuna viatu vya kiume, vimepangwa pamoja na ndara zangu. Ndani dalali amelala kitandani kwangu, feni inazunguka, vifungo vya shati viko wazi mpaka tumboni. Karatasi zangu zilizokuwa kitandani amezishusha sakafuni.

"Karibu nyumbani, mke wangu," akasema akitabasamu.

Nikamwambia atoke. Nilimwambia mara mbili.

Hakuinua hata kichwa. "Piga kelele," akaniambia taratibu, kama mtu anayekuelekeza dawa ya kichwa. "Wakija utawaambiaje? Mumeo kaingia chumbani kwako?"

Sikuvuka kizingiti. Nilirudi uani nikakaa kwenye ndoo niliyoipindua, jua likanipiga, mpaka alipotoka saa kumi na moja, kajinyoosha, kamwamkia mama mwenye nyumba kwa adabu zote, kamwachia na kifuko cha machungwa. Dada wa maandazi akanipitia pale nilipokaa akasema, "Leo shemeji kapumzika." Nikaitikia eeh.

Akaja tena wiki iliyofuata, na ile iliyofuata. Hakunigusa. Hakunigusa kwa sababu sikumpa nafasi: nikiona vile viatu mlangoni nageuka, nazunguka barabara za Chang'ombe, napita viwandani, nasoma vibao vya maduka ambavyo nilishavijua kwa moyo, mpaka magharibi. Pendekezo la utafiti liko kwenye meza ambayo siwezi kuifikia. Kodi nimelipa mie na anayelala ni yeye. Na kule nje anaulizia hali yangu, anasikitika jinsi ninavyokonda, anawaambia majirani masomo yatamuua mke wake.

Nikamfuata fundi aje abadilishe kitasa. Alikuja mchana kweupe na mfuko wake wa vifaa, akapiga magoti mlangoni, akalegeza skrubu ya kwanza. Mama mwenye nyumba akainua macho kutoka mkekani.

"Mumewe anajua?" akamuuliza fundi.

Fundi akanitazama. Nikamwambia chumba ni changu, nimelipia mie, akikaze tu hicho kipya. Akairudisha ile skrubu mahali pake.

"Sista, mie ndoa ya mtu siingiliagi," akasema. Akafunga mfuko wake akaenda zake.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijapata kuwa nayo tena. Sikuona sababu ya kuendelea kumficha mtu. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya mkeka wa yule mama nikamwambia kila kitu, tangu nilipokuwa nabebwa Mabibo mpaka zile siku za kuzunguka viwandani. Nikamwambia sina mume, sijawahi kuwa na mume, yule ni dalali, anaingia kwa ufunguo uliompa wewe, mama, naogopa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake iliacha kuchambua mchele.

"Kwa hiyo ulinidanganya," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Umeniingizia mwanaume wa njiani nyumbani kwangu, mie na wajukuu zangu." "Ijumaa usiwemo humu."

Kuhusu yule aliyelala kitandani kwangu, mama hakusema hata neno moja. Mwongo alikuwa mie. Nilibaki nimepiga magoti pale, kwa sababu kweli nilidanganya, na kweli ile ilikuwa inatumika kuniadhibu peke yangu.

Dada wa maandazi akaja, mikono ina unga, akachuchumaa pembeni yetu. "Mama, mie nilijua siku nyingi," akasema. "Huyu hajawahi kumfulia hata soksi. Hajawahi kumwekea hata maji ya kuoga. Mume gani huyo?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kibao. Alijua. Kila alipokuwa ananiambia shemeji kapumzika, alijua, na alikuwa akisubiri niseme mwenyewe. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunisemea, akasema mambo ya watu, mwenzangu, utaanzia wapi.

Lakini siku ile aliendelea. "Mama, mtu akiachwa na mumewe unamfukuza?"

Wote pale uani tulijua kwamba mama mwenyewe aliachwa na mumewe akiwa na watoto wanne, na ile nyumba aliijenga peke yake, tofali kwa tofali. "Aliyeachwa simfukuzi," akasema.

"Basi aachwe."

Ndivyo lilivyoamuliwa, na hakuna aliyeniuliza. Mwanamke aliyeachwa anaeleweka, kuna mwanaume aliwahi kumtaka. Ambaye hajaolewa hana maelezo. Mama akaniwekea mbele yangu mambo mawili: Ijumaa niwe nje na begi langu, au nikae mkekani mbele ya mjumbe wa mtaa, niachwe kwa maandishi, nibadilishe kitasa, nibaki. Siku ya kuwasilisha pendekezo langu ilikuwa wiki inayofuata. Pa kwenda sikuwa napo. Nikasema nitaachwa.

Alhamisi alasiri mjumbe alikuja, mzee wa watu, miwani imefungwa kwa uzi, daftari kwapani. Mama alimwambia tu kwamba wapangaji wake wawili wameshindwana. Dalali naye aliitwa, akaja na kanzu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Tulikaa mkekani mie na yeye, mama na dada wa maandazi wakiwa mashahidi. Mjumbe hakuomba cheti cha ndoa, kama ambavyo mama naye hakukiomba. Neno la yule mwanaume lilitosha kunioa, na sasa lingetosha kuniacha.

"Tatizo nini, baba?" mjumbe akamuuliza yeye.

Dalali akashusha pumzi. "Mzee wangu, mwanamke akisoma sana, nyumba inamshinda. Nimevumilia. Nakuja nyumbani ananikimbia, majirani hawa ni mashahidi."

Na majirani walikuwa mashahidi kweli, waliniona nikikimbia. Mjumbe akanitazama juu ya miwani. Nilikuwa nimeuma meno mpaka taya zinauma. Neno moja tu la kweli likinitoka, kesho ni Ijumaa.

"Ila sina kinyongo naye," dalali akaendelea. "Namwacha kwa wema. Aendelee na masomo yake, Mungu amjalie."

"Huo ndio uungwana," mjumbe akasema, akiandika. "Wenzio wangempiga."

Akamaliza, akatusomea: kwamba hawa wawili wametengana kwa amani, kwamba mwanaume hatafika tena kwenye chumba hicho, kwamba mwanamke atabaki kuwa mpangaji. Nikatia sahihi yangu. Daftari likaenda kwa dalali. Akaishika kalamu, akaipeleka karibu na karatasi, akaiinua tena. Ananitazama mie, anatabasamu lile tabasamu la kitandani kwangu.

"Mzee," akasema, "hata asante sijaipata."

Mjumbe akatikisa kichwa, akanigeukia bila ubaya wowote. "Binti, mwenzio kakufanyia hisani kubwa mbele za watu. Mshukuru."

Mama alikuwa anatazama mchele wake. Dada wa maandazi alikuwa ananitazama mie, na macho yake yananiambia sema, sema yaishe.

"Asante," nikasema.

"Mzee kasema unishukuru," dalali akasema. "Asante nani?"

Kalamu ilikuwa bado iko juu.

"Asante, mume wangu," nikamwambia, na ndipo akatia sahihi.