Mguu Si Mgomba

Mwaka ule tulikula yanga. Mkubwa mwenzangu hahitaji kalenda. Anaukumbuka ugali wa njano uliokwama kooni, na chai ya mchaichai isiyo na sukari. Ndio mwaka mjomba aliporudi kutoka vita ya Kagera. Aliondoka na miguu miwili, akarudi na mmoja.

Juzi simu imelia. Binti wa ofisi ya pensheni kaniamkia vizuri, akasema askari waliolemaa vitani wameongezewa pensheni, ila mjomba ashuke mjini ahakikiwe. Asiposhuka, hata ile ya zamani inasimama. Nikacheka. Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto wa kuchota maji.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wetu. Basi mkubwa wetu huyo alilima matuta ya ngazi kwa kupiga goti, moja juu ya jingine mpaka kwenye ukungu. Sisi tulimfuata nyuma tukipanda tangawizi, yeye anapiga mluzi. Nilidhani duniani hakuna mtu kama yeye. Bado nadhani.

Lakini kila msimu aliitwa mjini akaonyeshe kwamba bado hana mguu. Alibebwa kwa machela, na akirudi kidonda kimefumuka. Bibi, mama yake, alikiosha kwa maji ya chumvi huku akifoka, "Mguu ni mgomba, uchipue?"

Safari moja mjumbe alipokuja kumwita, bibi alikuwa anatwanga. Mchi hakuuweka chini. "Mwanangu hateremki. Anayetaka kuuona mguu, apande."

"Mama, pensheni itakatwa!" mjumbe akasema.

"Umesikia, au nirudie?"

Tulikaa roho juu. Pesa ile ndiyo chumvi, ndiyo mafuta ya taa, ndiyo dawa ya kidonda. Mpaka siku moja nikamwona afisa anapanda, viatu mkononi, tope magotini, anahema kama mbuzi wa mnadani. Afisa wa serikali! Akamwamkia bibi shikamoo. Bibi akampa ndizi ya kuchoma, kisha akamwonyesha mjomba: "Haya baba, tazama. Umechipua?" Yule bwana hakutazama mguu. Alitazama matuta, ngazi kwa ngazi mpaka juu, akavua kofia. Pensheni haikukatwa.

Leo kinu cha bibi kuku wanatagia mayai. Mwenyewe tulimzika kando ya matuta yale, ambayo nusu yake sasa imeota magugu. Mluzi wa mjomba umebaki pumzi tupu.

"Bibi, unanisikia?" binti akauliza kwenye simu. "Tumwandike anakuja lini?"

Mimi ni mpwa tu, sikumzaa mjomba. Lakini mdomo ulifunguka, maneno yakatoka kama yalivyoachwa:

"Mwanangu hateremki. Anayetaka kuuona mguu, apande."